Siku Sabini na Nne

Muuguzi alimwandikia Marjukka vidonge,
akamkataza jibini laini na samaki mbichi,
akampima damu, akampima uzito,
akamuuliza asubuhi hula nini, usiku hulala saa ngapi.
Mimi nilikuwa nimeshika koti lake.

Tulipoinuka kuondoka ndipo aliponigeukia,
kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango:
"Na wewe, Ilpo? Sahani yako ina nini?"
Nikacheka. Mimi ni wa kuleta mbegu tu, nikasema,
shamba ndilo hilo linavaa glavu.
Marjukka hakucheka.

"Mbegu nayo hupikwa," muuguzi akajibu.
"Huiva kwa siku sabini na nne, zipungue, zizidi.
Unachokula leo kimo chunguni pamoja nayo."
Kisha akaongeza, maana ni mtu mkweli:
"Kwa panya tumeona. Kwa watu bado tunanong'ona."

Sabini na nne.
Nikazihesabu kinyumenyume, usukani mkononi,
tani arobaini za msonobari mgongoni,
barabara ya Kuhmo nyeupe kama karatasi isiyo na sahihi.
Kituo cha kwanza cha mafuta: soseji mbili, haradali.
Kituo cha pili: andazi la sukari, na jingine la njiani.
Chipsi saa tano usiku, kwa kuwa hakuna kingine chenye taa.
Kahawa. Kahawa. Soda ya buluu
isiyofanana na tunda lolote aliloliumba Mungu.
Siku ya thelathini na moja nilikula tufaha.
Nalikumbuka kwa sababu lilikuwa na stika.

Mtoto hufuata kisogo cha nina, walinena.
Basi kisogo cha nina ndicho kinachoviziwa,
kinapimwa, kinaonywa, kinalaumiwa.
Cha baba kimeegemea kiti cha lori
na hakuna anayekigeukia.

Baba yangu Taavetti alikatwa mguu kwa sababu ya sukari.
Babu wa babu yake, mwaka shayiri ilipoungua kwa jalidi,
alikula mkate wa gome la msonobari
hata akaacha kuota chakula.
Mimi naubeba msonobari ule ule kwenda kiwandani,
nimeshiba, tumbo limegusa usukani.
Nani ajuaye njaa ya yule ilijificha wapi
mpaka ikafika kwa huyu?
Labda iliacha kunjo tu pembeni mwa ukurasa,
kama mtu anavyokunja asije akapoteza mahali.
Maneno hayakubadilika hata moja.
Lakini kitabu, kila kikidondoka,
hufunguka pale pale.

Tangu Jumatatu nakata kabichi saa kumi alfajiri,
Marjukka akiwa bado amelala kifudifudi.
Nabeba kopo: njegere, shayiri, beri za msituni
zilizogandishwa tangu Agosti.
Sirkku wa kaunta aliniona nimekaa nalo mezani pake.
"Unaumwa?"
"Hapana. Napika," nikamwambia,
naye akatazama jiko lake, akatazama kopo langu,
akafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Wewe ambaye bado huna jina wala upande,
sikuahidi moyo imara, wala damu tamu kwa kiasi.
Hata muuguzi hakuniahidi.
Huenda kabichi yote hii isikufikie.
Ila ukija na pungufu lolote, nao wakaanza kuuliza
mama yako alikula nini, alikunywa nini, alibeba nini,
waambie kulikuwa na sahani ya pili mezani.

Leo ni siku ya kumi na mbili.
Nimekula andazi. Nusu.
Nusu nyingine nimewatupia kunguru wa maegesho,
wawili, dume na jike, wakaligombania kwenye theluji,
nami nikapiga honi kuwafukuza,
kwani nao, sijui, pengine wanatarajia.